Kuupata mkazo wa Kihispania: hesabu silabi kwanza

Neno «historia» lipo katika Kiswahili na Kihispania pia, tena kwa herufi zilezile. Sisi tunalitamka kwa silabi nne, his-to-RI-a. Wahispania wana tatu tu, his-TO-ria, na h yao ni bubu. «Familia» nayo ni fa-MI-lia. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, ingawa kanuni kuu ya mkazo tunayo mdomoni tangu utotoni: neno likiishia kwa irabu, n au s, mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kinachotuponza ni hesabu ya silabi.

Kwa hiyo shughulikia irabu kabla ya kitu kingine chochote. A, e na o ni kali. I na u ni dhaifu. Kali mbili zikikutana hutengana: te-a-tro, po-e-ta. Dhaifu ikikaa na kali huwa silabi moja: bue-no, ai-re, GRA-cias (si gra-CI-as!). Dhaifu mbili tofauti nazo huungana, ciu-dad. Lakini i au u yenye alama ya mkazo ikikaa na kali husimama peke yake: pa-ís, Ma-rí-a. Alama hiyo si pambo. «Secretaria» ni katibu wa kike, se-cre-TA-ria. «Secretaría» ni ofisi, se-cre-ta-RÍ-a.

Konsonanti hazina usumbufu. Moja ikiwa katikati ya irabu huenda na irabu inayofuata, ca-sa; mbili hugawana, car-ta. Hazigawanyiki p, b, f, c, g zikifuatwa na l au r, wala t na d zikifuatwa na r: ha-blar, li-bro, pa-dre. Ch, ll na rr huhesabiwa kama konsonanti moja: pe-rro.

Neno likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huenda mwisho: ho-TEL, ciu-DAD. Y ya mwisho huhesabiwa humo, es-TOY. Neno linalokiuka kanuni hizi huandikwa alama: ca-fé, ár-bol, te-lé-fo-no. «Hablo» ni nasema. «Habló» ni alisema.

Usikariri alama neno kwa neno, maana wingi utakuangusha. «Canción» huipoteza katika «canciones», na «joven» huipata katika «jóvenes», ilhali mkazo haujahama. Maneno machache sana ndiyo huuhamisha kweli, kama «carácter», wingi wake «caracteres», na «régimen», wingi wake «regímenes». Hayo yakariri.