Kingamwili ya PD-L1 inaonyesha kilodaltoni 50 badala ya 33: je, ni mbovu?

Swali: Nimenunua kingamwili ya sungura dhidi ya PD-L1 ya binadamu (protini ya juu ya seli inayozituliza seli T za kinga) kwa ajili ya westani bloti (kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, kisha kuzitafuta kwa kingamwili kwenye utando). Karatasi yake inasema protini hii ina uzito wa kilodaltoni 33, lakini napata mstari mpana karibu na 50, na kwenye 33 hakuna kitu. Seli zangu ni MDA-MB-231, seli za saratani ya matiti za kuotesha maabara. Niirudishe? Na je, naweza kuipimia seli hai kwenye saitometa (mashine inayopima seli moja moja)?

Jibu: Usiirudishe bado. Hiyo 33 ni hesabu tu: mtu amejumlisha uzito wa asidi amino zote 290, basi. Ndani ya seli PD-L1 hupachikwa minyororo ya sukari kwenye asparajini nne, namba 35, 192, 200 na 219, zote upande unaotazama nje ya seli. Sukari zinaongeza uzito, na juu ya hapo hazishiki SDS (sabuni inayozipa protini chaji ya kutembea kwenye jeli) kama protini inavyoishika, hivyo molekuli inajikokota kwenye jeli na kuonekana nzito kuliko ilivyo. Kuipata kati ya 45 na 55 ni jambo la kawaida. Hata huo upana unaokukera una maana yake: molekuli hazibebi sukari sawasawa, kwa hiyo mstari hutandaa kama moshi badala ya kukaa mwembamba.

Mimi ningeogopa kitu kingine. Mnyororo mzito wa IgG (kingamwili ya kawaida ya kwenye damu) nao hukaa palepale kwenye 50. Kwa seli za kuotesha hofu ni ndogo, lakini siku utakapoleta tonsili au tishu yoyote yenye damu, kingamwili ya pili (ile inayoshika ya kwanza na kutoa ishara) inaweza kudaka IgG ya mgonjwa nawe ukaandika "PD-L1". Niliwahi kushangilia mstari wa namna hiyo wiki nzima, ndipo nikakumbuka kuweka kipande kimoja cha utando kwenye kingamwili ya pili peke yake. Mstari ulikuwepo vilevile!

Kwa hiyo fanya hicho kipimo cha kingamwili ya pili, kisha uvue sukari. Chemsha sampuli kwa dakika 10 ikiwa na SDS na DTT (kemikali inayovunja vifungo vya salfa vya protini), iache ipoe, weka NP-40 (sabuni laini), ndipo utie PNGase F, kimeng'enya kinachokata minyororo hiyo ya sukari, na kuiacha saa moja kwenye nyuzijoto 37. NP-40 usiiruke, maana SDS ikibaki peke yake hukiua kimeng'enya, nawe utabaki unailaumu kingamwili bure. Pembeni yake pitisha sampuli ileile, hatua zilezile, bila kimeng'enya. Ikiwa ni PD-L1 kweli, mstari utaporomoka hadi karibu na 33 na kuwa mwembamba. Mnyororo mzito wa IgG hushuka kidogo sana, kwa sababu una sehemu moja tu ya sukari ya aina hiyo.

MDA-MB-231 ni chaguo zuri, zina PD-L1 nyingi. Ziwekee kando MCF-7, seli nyingine za saratani ya matiti, ambazo kwa kawaida zina kidogo mno. Ukipata seli zilizoondolewa CD274, yaani jeni ya PD-L1, hizo ndizo hakimu wa kweli. Interferoni gamma (ishara ya mfumo wa kinga) kwa saa 24 hupandisha PD-L1 kwenye seli nyingi, lakini mstari kukolea baada ya hapo hautoshi kuwa ushahidi, kwani interferoni hupandisha protini nyingine chungu nzima.

Kuhusu saitometa, angalia kingamwili ilitengenezwa dhidi ya kipande kipi. Kloni E1L3N (kloni ni kingamwili ya aina moja tu, inayoshika sehemu ileile), kwa mfano, hushika mkia ulio ndani ya seli. Inafaa kwenye bloti na kwenye tishu zilizohifadhiwa ndani ya nta, ila kwenye seli hai haina pa kushika, kwa sababu kingamwili haipenyi utando wa seli ambao haujatobolewa. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, tafuta kloni nyingine inayoshika upande wa nje, mfano MIH1. Ukiamua kutoboa seli ili utumie uliyo nayo, utakuwa unahesabu pia PD-L1 iliyojificha ndani, ambayo seli T haiioni kabisa.