Maswali yenu ya risachi: 384, kuku wa mama na imeili za "Profesa Mpendwa"

Mvua ya Kisumu imenifungia kwa nyumba tangu asubuhi na stima inaenda ikirudi, basi nimesema leo namaliza hii foleni ya maswali. Kwa wale wapya: mimi si profesa wala daktari wa chochote, nimebeba hojaji miaka mingi vijiji vya Siaya, Busia, Nyando na Homa Bay, nimefukuzwa na mbwa wa kila rangi, na sikuhizi nasaidia wanafunzi kupanga data zao. Kwa hivyo chukua majibu yangu hivyo, ya mtu wa shambani, si ya mtu wa ofisi.

"Mimi nasoma mastaz huku Njoro. Supavaiza amenirudishia propozali mara ya tatu, ati topiki ni pana. Topiki yenyewe ni 'Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima wa Kenya'. Nitoke aje hapa?"

Ndugu yangu, kwanza shukuru, supavaiza wako anasoma. Kuna wenzako wananiandikia hapa wamengoja jibu tangu Krismasi. Pili, hana makosa. Wakulima wa Kenya ni wa chai Kericho, wa mpunga Ahero, wa mahindi Kitale, na yule wa mtama pale Nyakach, utawamaliza lini hao na pesa zako za mkopo wa HELB? Mimi huwa nauliza mtu hivi: Jumatatu asubuhi ukishuka kwa matatu, unaenda kwa nani, na neno la kwanza unamuuliza ni gani? Ukishindwa kujibu hapo ujue unayo mada lakini swali bado huna.

Na wewe uko mahali pazuri sana yaani hadi nakuonea wivu. Hapo hapo Njoro kuna kituo cha KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo, ambapo mbegu za ngano kutoka nchi nyingi za dunia huletwa kila msimu zipandwe makusudi zishambuliwe na ugonjwa wa kutu ya shina, ile aina inaitwa Ug99, manake ilitambuliwa Uganda na ikapewa jina mwaka 1999. Yaani watu wa India na Marekani wanangoja kusikia ngano yao imefanya nini Njoro na wewe unaandika "wakulima wa Kenya". Panda gari uende Mau Narok, tafuta wakulima wa ngano, uliza tu: nani anakwambia wakati wa kupiga dawa ya kutu umefika, na unamwamini kwa nini? Hilo ni swali. Tabianchi itajiingiza yenyewe, manake mkulima ataanza kukwambia mvua siku hizi inakuja vibaya hata kabla hujafungua kalamu.

"Kwa nini kila mtu anatumia sampuli ya watu 384? Mimi nafanya utafiti wa manesi kwa hospitali moja, wako 120, na rafiki ameniambia niandike 384."

Dada, nimecheka hadi chai ikamwagika. Unataka kuwahoji manesi 384 na wako 120, hao wengine 264 utawazaa wewe?

Sikiliza, 384 si namba ya bahati. Inatoka kwa hesabu moja: unachukua 1.96 unaizidisha yenyewe, mara 0.5, mara 0.5, halafu unagawanya na 0.05 mara 0.05, unapata 384.16. Maana yake, kama watu unaotafiti ni wengi kabisa, hesabu yao haijulikani, na unataka asilimia fulani uijue kwa uhakika wa asilimia 95 ukikosea kwa pointi 5 juu ama chini, basi karibu watu 384 waliochaguliwa kwa kura ya haki wanatosha. Ndio hivyo tu. Watu wakiwa wachache namba inashuka. Kwa ile fomula ya Yamane, 120 unaigawanya na 1 jumlisha 120 mara 0.0025 (hiyo ni ile 0.05 mara 0.05), yaani 120 kwa 1.3, inakuja kama 93. Lakini kama ni mimi, manesi 120 ningewahoji wote, kwani shida iko wapi, unaenda zamu ya asubuhi, unarudi ya usiku, umemaliza.

Kuna jambo lingine watu hawasemi. Hiyo 384 inadhani umechagua mtu mmoja mmoja kwa kura kutoka kaunti nzima. Ukichagua vijiji vinne halafu ukahoji watu 96 kila kijiji, haujapata 384 ya kweli, manake watu wa kijiji kimoja wanafanana, wanachota maji kisima kimoja, wanatibiwa zahanati moja, so mtu wa 96 hakuambii jipya sana kuliko wa 40. Hapo unahitaji watu zaidi, na vizuri zaidi unahitaji vijiji zaidi. Na kama utafiti wako ni wa kukaa na mtu saa nzima akusimulie maisha yake, achana na fomula kabisa, unahoji hadi uone hakuna anayekuletea habari mpya.

"Turnitin imenipa asilimia 31. Nimeiba?"

Sijui, na Turnitin pia haijui. Ile mashine inahesabu maneno yanayofanana na ya wengine, inahesabu hata orodha yako ya vitabu, jina la chuo, na sentensi ambazo kila mtu huandika. Fungua ripoti usome zile rangi moja moja. Mtu anaweza kuwa na 31 na ni msafi, na mwingine ana 8 lakini hiyo 8 yote ni ukurasa mmoja wa mtu mwingine aliouhamisha mzima mzima. Huyo wa 8 ndiye mwizi.

"Sisi wa huku Siaya tumechoka. Kila mwaka watu wa utafiti wanakuja, choo kiko wapi, watoto wangapi, mnakula mara ngapi, wanapima damu, wanaenda. Majibu hatuyaoni. Tunaweza kukataa? Na inatusaidia nini?"

Mama, swali lako limenikalia kifuani wiki mbili, manake mimi ni mmoja wa hao watu.

Nianze na haki. Ndiyo, unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo na kesho ukasema basi. Unaweza kujibu swali la kwanza hadi la kumi na la kumi na moja ukasema hilo halikuhusu. Hakuna atakayekunyima dawa zahanati kwa sababu hiyo, na akikutisha hivyo amevunja sheria ya kazi yake. Anayekuja lazima awe na kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya kusimamia utafiti, na kibali hicho kina ile alama ya QR ya kuskani kwa simu, mwambie kijana wako askani aone kama jina ni lile lile. Uliza pia barua ya kamati ya maadili. Halafu ile karatasi ya ridhaa unayosainishwa, nakala moja ni yako, usikubali aende na zote, manake hapo chini kuna namba ya kupiga kama una malalamiko. Na tangu sheria ya kulinda data ya 2019, una haki ya kuuliza habari zako zinaenda wapi na zinafanya nini.

Sasa inasaidia nini. Hapa lazima niseme pande zote mbili. Chanjo ya malaria ile RTS,S, ambayo shirika la afya duniani, WHO, lilikubali Oktoba 2021 watoto wa Afrika wapewe, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya elfu 15 katika nchi 7, na hapa Kenya mahali pa majaribio palikuwa Kilifi, Kombewa na hapo kwenu Siaya. Ni watoto wa kina mama kama wewe waliodungwa wakapimwa homa miaka. Chanjo yenyewe si ya miujiza, kwa wale waliopata dozi zote nne ilipunguza malaria kwa kama theluthi hivi, ndio maana neti bado tunaambiwa tulalie, lakini theluthi ya malaria ya kanda ya ziwa ni watoto wangapi, hebu fikiria. Kenya ilipoanza kuitoa Septemba 2019 ilianzia Homa Bay. Ama Busia, 1998, shule 75 watoto walipewa dawa ya minyoo kwa zamu na ikaonekana utoro umeshuka kwa kama robo. Mmoja wa waliofanya ile kazi, Michael Kremer, akapata Nobeli ya uchumi 2019. Baadaye wengine wakapiga hesabu upya wakakuta makosa kadhaa, wakabishana vibaya sana 2015, lakini unajua waliyapataje? Wenye utafiti walitoa data yao wenyewe wakasema shikeni mkague. Mimi hiyo naiheshimu hata kuliko Nobeli.

Upande wa pili ni huu. Kuna mwaka nilirudi boma moja kwa mradi ambao siutaji, mama akaniangalia akaniambia, "Wewe mwaka jana ulihesabu kuku wangu kumi na wanne. Wamekufa wote na kideri. Andika sifuri, halafu uniambie ile kumi na nne ya mwaka jana ilimsaidia nani." Sikuwa na jibu. Niliandika sifuri. Nilipofika ofisini nikauliza kama kuna mtu atarudi kuwaambia wale watu matokeo, nikaambiwa bajeti ya hiyo haikuwekwa. Bajeti ya tishati iliwekwa.

Kwa hivyo Mama, wakija tena msikatae tu, wekeni masharti. Siku ya baraza, mbele ya chifu na wazee wa kijiji, mwambieni mkubwa wao ataje tarehe atakayorudi na matokeo, aseme kwa lugha mnayosikia, na iandikwe kwa kitabu cha baraza. Si sheria, lakini nimeona mtafiti akibadilika rangi alipoulizwa tarehe.

"Hojaji yangu iko kwa Kiingereza, wasaidizi wangu watatafsiri papo hapo kwa Kiluhya na Dholuo. Ni sawa?" (mwanafunzi, Maseno)

Hapana. Wasaidizi watano watakupa hojaji tano. Chukua neno dogo kama "kaya". Mmoja atauliza nyumba, mwingine atauliza dala, na dala ya Mjaluo inaweza kuwa na mzee, wake wawili na vijana watatu waliooa kila mmoja na jiko lake, basi huyu amekuandikia watu wanne na yule kumi na saba na wote wamekwenda kwa mlango mmoja! Sisi tulifundishwa tuulize wanaokula chungu kimoja, na hapo mambo yakanyooka. Ama unafanya ya kilimo unauliza kuhusu striga, lile gugu linalonyonya mahindi, mkulima anakutolea macho, sema kayongo uone atakavyosimama akupeleke hadi shambani akuonyeshe.

Tafsiri kabla, mtu mwingine ambaye hajaona ya Kiingereza airudishe kwa Kiingereza, linganisha, rekebisha, halafu jaribu na watu kumi ambao hawako kwa sampuli. Na Kiluhya kipi? Mtu wa Bunyore na mtu wa Bukusu hawatajibu sawa, wewe mwenyewe wajua.

"Mimi ni wa boda hapa Mbita. Wazungu wanachimba mifupa Homa na Rusinga miaka yote hiyo, sisi inatuhusu nini?"

Kaka, kwanza si wazungu peke yao, Wakenya wako humo tele, wa makumbusho ya taifa na wa vijiji vya hapo hapo, na mara nyingi macho yanayoona jiwe kwanza ni ya huyo wa kijiji. Pale Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, walitoa vifaa vya mawe vya kati ya miaka milioni 2.6 na 3 pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwakatwa, habari ikatoka Februari 2023. Yaani mtu, ama ndugu ya mtu, alikuwa anachuna kiboko hapo ufuoni kabla hata ya Ziwa Victoria lenyewe kuwepo. Rusinga nako Mary Leakey alipata fuvu la nyani wa kale mwaka 1948, la miaka kama milioni 18.

Pesa mfukoni mwako? Sitakudanganya, ni kidogo, labda mgeni mmoja wa kubeba. Lakini mpeleke huku unamwambia hiyo hadithi uone kama hataongeza fea.

"Nimepata imeili: 'Profesa Mpendwa, makala yako bora tutaichapisha kwa siku 5, dola 150.' Bado niko mwaka wa nne."

Mbuzi kwenye gunia huyo. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, akaweka makosa ambayo hata mwanafunzi angeyaona, akaituma kwa majarida 304. Majarida 157 yakaikubali. Jarida la kweli halikuiti profesa, linakurudishia kazi na maoni ya watu wawili ambao wamekasirika. Kabla ya kutuma pesa muulize mkutubi wa chuo, hao watu wanajua sana na hakuna anayewauliza.

"Makala ninazotaka zote zinaitisha dola 40. Nifanyeje?"

Tafuta kichwa cha makala kwa Google Scholar, bonyeza pale "matoleo yote", mara nyingi kuna nakala ya bure mwandishi mwenyewe ameiweka. Ikikosekana, uliza laibrari kama mko kwa Research4Life, ule mpango unaofungulia vyuo vya nchi maskini majarida bure ama kwa bei ya chini. Ikikosekana kabisa mwandikie mwandishi, imeili yake iko ukurasa wa kwanza, mistari mitatu tu: wewe ni nani, unatafiti nini, unaomba nakala. Hizo dola 40 yeye haoni hata senti. Mimi niliandikia bibi mmoja wa Uholanzi saa nne usiku, nikalala, kuamka nimepata makala niliyoomba, tatu ambazo sikuomba, na swali: kwani Nyando mafuriko yanaanza mwezi gani siku hizi?