Ngano ndani ya riwaya ya mapenzi ya zamani: chukua sharti, kiatu kiache

Anayetaka kuandika mapenzi ya Mwanza ya kale kwa kufuata ngano huanza na mapambo. Binti anayenyanyaswa na mama wa kambo anavishwa gauni, anapelekwa dansini, anapoteza kiatu, na yote hayo mwaka 1912. Msomaji wa Nyamagana anacheka kabla hajafika ukurasa wa tatu. Kiatu cha kioo ni cha ngano ya Cinderella ya Charles Perrault, Ufaransa, 1697. Kinachohamishika ni sharti: kuna saa, na ikipita kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

Tafuta basi kitu cha zama hizo kinachoweza kufanya kazi ya uchawi. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo mtu angeweza kupanda meli mpaka Kisumu, akashika treni ya Mombasa. Meli ikishang'oa nanga, hakuna kuikimbiza. Hiyo ndiyo saa sita yako ya usiku.

Mahari ni hazina kubwa kuliko zote, na wengi wanaipita kwa sentensi moja. Usukumani, ng'ombe wa mahari ndio walioamua watoto ni wa ukoo gani. Pasipo ng'ombe, walihesabiwa kwa wajomba. Kijana mkata ana kazi ngumu kuliko kuua joka: hata akipendwa, anaweza kukosa wanawe. Taja idadi mapema, tuseme kumi na watano, halafu katikati ya kitabu sotoka, tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, iwafagie tisa. Msomaji atahesabu pamoja nawe.

"Mwana wa mfalme" ni mtego. Sehemu nyingi za Usukuma kiti cha mtemi kilipitia upande wa wanawake, kikamwangukia mtoto wa dada, kabla desturi hiyo haijageuzwa wakati wa Waingereza. Kwa hiyo mwaka 1890 mpe mpwa nafasi ya bwana arusi. Yule mwana anayeona kiti cha baba kikimpita ni mpinzani uliyepewa bure, tena mwenye uchungu wa kweli.

Zimwi? Tunaye Shing'weng'we, aliyemeza watu wote mpaka Masala Kulangwa alipomuua. Usimlete na meno yake. Mfanye deni au kodi ya kichwa. Katika kumpasua, kijana alimjeruhi sikio bibi kizee, na bibi akamkasirikia. Huyo bibi ndiye wa kuiba: sura za mwisho ziwe na mtu aliyeokolewa na wapenzi wako, naye ana kinyongo nao.

Kwa riwaya ya maneno 60,000, sharti litamkwe kabla ya 6,000 na livunjwe karibu na 40,000. Likivunjwa mapema, nusu ya kitabu inabaki kulia na kuombana radhi. Majaribio wanayopitia wapenzi yawe matatu, la mwisho fupi kuliko yote.

Kisha pitia mswada ukiwinda vitu vilivyotangulia wakati wake. Sangara waliingizwa ziwani miaka ya 1950, kwa hiyo wapenzi wa 1930 wapikie furu au dagaa. Magugumaji yasizuie mtumbwi wao, hayakuwapo. Na chini ya Wajerumani watu walilipana kwa rupia: shilingi ilikuja miaka ya 1920, hata kama shangazi wa bibi harusi anaidai kwa sauti gani.