Acheni kugongana tarehe

Ndugu, unasema ninyi wa Nakuru na wenzenu wa Kisumu mliandaa mbio za motokrosi, yaani pikipiki kwenye njia ya udongo, Jumapili ileile, kila uwanja ukaambulia pikipiki sita. Mlijitakia! Kaeni chini kabla msimu haujaanza, mpange kalenda moja. Epukeni masika, Machi hadi Mei. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, huko Kisumu, ukilowa, hata trekta hukwama. Pointi zihesabiwe pamoja, na madaraja ya watoto kwa ukubwa wa injini, 50cc, 65cc na 85cc, yafanane kote, ili mzazi aone sababu ya kumsafirisha mtoto. Ambulensi, washika bendera na vifaa vya kupimia muda mchangie, maana huko ndiko pesa huyeyukia. Zawadi? Kikombe kinatosha kwa sasa.