Uingereza ipi? Ushauri kwa wanaofundisha na kuandika historia ya Uingereza

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha historia ya Uingereza niliandika ubaoni kwamba Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603, alikuwa malkia wa Uingereza. Mwanafunzi mmoja akauliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini mfalme aliyemrithi anaitwa James wa Sita na pia James wa Kwanza? Nilikosa jibu, kwa sababu neno letu "Uingereza" hubeba England peke yake na hubeba pia dola nzima, nami nilikuwa nimelizoea bila kujiuliza ninakusudia lipi.

James alikuwa tayari mfalme wa sita wa jina hilo Uskoti aliporithi kiti cha England mwaka 1603, na huko akawa wa kwanza. Mfalme akawa mmoja, lakini mabunge yakabaki mawili hadi tarehe 1 Mei 1707, na hata baada ya kuungana Uskoti iliendelea kuwa na sheria zake, mahakama zake na kanisa lake. Wales ilikuwa imekwisha kuunganishwa na England chini ya Henry wa Nane. Ireland iliingizwa mwaka 1801, na sehemu yake kubwa ikajitoa mwaka 1922.

Ushauri wangu, basi, ni kutazama mwaka kabla ya kuandika jina. Kwa mambo yaliyotokea kabla ya 1707, taja England au Uskoti waziwazi, na neno Uingereza uliweke kwa ajili ya dola iliyozaliwa mwaka huo. Wanafunzi wa Tanzania hulielewa jambo hili upesi ukiwauliza ni nchi gani iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kwa kuwa wanajua kwamba ilikuwa Tanganyika na kwamba Muungano ulikuja 1964.

Siku hizi somo langu la kwanza huanza na sanduku la posta lililowekwa Edinburgh mwishoni mwa 1952 likiwa na alama ya Elizabeth wa Pili. Waskoti wengi walilalamika kwamba kwao hapakuwahi kuwa na Elizabeth wa Kwanza, na Februari 1953 sanduku hilo likalipuliwa. Masanduku yaliyofuata Uskoti yaliwekewa taji la Uskoti, bila namba.