Jina chini ya barua

SWALI: Asalaam alaykum, Ami. Mie ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Tulosoma pamoja tumetawanyika Pemba, Unguja, Maskati na London, na tunajadiliana kwa barua pepe. Kwenye Gmail nimeweka sahihi inayojitia yenyewe: jina, vyeti vyangu, nambari mbili za simu, picha ya karafuu na ubeti niliotunga kwa ajili ya marehemu mama. Wenzangu wanalalamika kuwa nawajazia. Nimekosea wapi?
Mwalimu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Wenzio wana haki. Ukijibu "naam, nakubali", maneno mawili, chini yake unashuka mzigo wote ule, na mwengine akijibu juu yake, unarudi tena. Picha ndiyo nzito zaidi: aliyenunua bando la siku analipia karafuu alizokwisha kuziona.

Babu yangu akiandika barua kwa herufi za Kiarabu, mwisho alitia "wakatabahu", jina lake na la baba yake, basi. Aliyeipokea alijua kaandikiwa na nani. Hata muongozo wa adabu za intaneti uliotoka mwaka 1995 unataka sahihi isipite mistari minne. Yako naiona hivi:

--
(Jina lako)
Mwalimu wa hisabati, Wete, Pemba

Kama husomeshi hisabati, tia somo lako. Vile vistari viwili usivifute. Ndivyo vinavyotenga barua na sahihi. Simu iondoe kabisa. Barua ya kundi hupelekwa mbele, na hujui itaishia mkononi mwa nani.

Gmail inakuruhusu kuwa na sahihi zaidi ya moja. Kwenye kompyuta bonyeza alama ya gurudumu la meno, fungua mipangilio yote, teremka mpaka penye sahihi. Tengeneza hiyo fupi, na ya pili ya barua za kazi, yenye simu inayoanza na +255. Hapo hapo utachagua ipi itumike kwenye barua mpya. Kwenye majibu chagua isitokee yoyote. Kisha teremka chini kabisa uhifadhi, wengi husahau hapo. Programu ya simu ina sahihi yake mbali, nayo iangalie.

Ubeti wa mama yako nimeusoma mara mbili. Chini ya "naam, nakubali" hakuna atakayeusoma. Waandikie wenzio siku moja barua ya huo peke yake, uwaeleze mama alikuwa nani.