Nafuta akiba ya simu kila jioni, mbona bado inajaa?

SWALI: Simu yangu ni ya GB 32 na nimekuwa nayo miaka minne. Kila mara inaniandikia kwamba nafasi imekwisha, hata picha ya ubaoni haipigiki. Mwenzangu alinifundisha kuingia kwenye mipangilio na kufuta akiba ya kila programu, nami nafanya hivyo kila jioni kabla ya kulala. Baada ya siku mbili imejaa tena. Sasa naambiwa nipakue programu ya kusafisha simu, au nimpelekee kijana wa hapa steji anayesafisha yote kwa shilingi 200. Nifuate ushauri upi? (Mwalimu wa shule ya msingi, Mumias)

JIBU: Usifuate hata mmoja, Mwalimu. Na hiyo kazi ya kila jioni iache leo.

Wiki haipiti bila mtu kuketi mbele yangu hapa Kisumu na shida kama yako, na karibu kila mmoja amefundishwa jambo lile lile: kwamba akiba ya programu ni uchafu, na simu ni kama ua wa nyumba, usipofagiwa kila siku unajaa taka. Mafundisho hayo yananiudhi. Yanamfanya mtu mwangalifu kama wewe ajitaabishe bure, achoke, kisha amkabidhi simu mtu wa kumharibia.

Unapofungua Facebook, picha za watu na nembo za kurasa hushuka kwa bando lako. Programu inaziweka kando ili kesho usizilipie tena. Hiyo ndiyo akiba, na waliochagua neno hilo hawakukosea. Ukiifuta usiku, asubuhi programu zinaanza kuivuta upya, wewe ukilipa. Wazee walisema akiba haiozi. Hii ya simu huoza, lakini simu yenyewe ndiyo inayotupa iliyooza. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, kila programu hukadiriwa kiasi chake, na nafasi ikibana mfumo huanza kufuta akiba ya zile zilizopitisha kipimo. Toleo hilo hilo ndilo lililoondoa kitufe cha zamani cha kufuta akiba ya programu zote kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana unapita programu moja moja kila jioni kama anayesahihisha madaftari.

Siku za kufuta akiba zipo. Ukurasa unagoma kufunguka kwenye Chrome ilhali kwa jirani unafunguka. Facebook inaleta picha nusu. TikTok imekula GB mbili peke yake na wewe unahitaji nafasi sasa hivi ili usasishe simu. Futa akiba ya programu hiyo moja, uendelee na shughuli zako.

Sasa tuje kwenye kilichojaza simu. Juzi nilikuwa na simu ya GB 32 mezani, ya mwendesha boda mmoja wa Kondele. Mfumo pamoja na programu zilizokuja na simu zilikuwa zimeshika karibu GB 12, na hapo hakuna wa kupunguza. WhatsApp ilikuwa na GB 9. Akiba ya programu zote tulipoijumlisha haikufika hata GB 1. Kijana alikuwa ameifuta na kuifuta mwezi mzima, na zile GB 9 hazikuwahi kuguswa.

Wewe mwalimu una makundi mengi kumshinda. Kundi la wazazi wa kila gredi, la walimu, la chama, la kanisa, na yale ya matanga ambayo huku kwetu magharibi hufunguliwa kila mwezi na hayafungwi hata marehemu akishazikwa. Kila kundi linashusha video na mabango. Tena video uliyoipiga mwenyewe ukaituma, WhatsApp huitengenezea nakala na kuiweka kwenye folda iitwayo Sent, kwa hiyo unayo mara mbili: moja ya kamera, moja ya WhatsApp. Ufute akiba mara mia, hutagusa hata moja kati ya hizo, kwa sababu si akiba. Ni faili zako, na simu haina ruhusa ya kuamua kwa niaba yako kwamba huzihitaji.

Kabla hujafuta chochote, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa gumzo, uangalie tarehe ya nakala rudufu ya mwisho. Wengi wanashtuka hapo. Akaunti ya Google ya bure ina GB 15, ambazo zinagawanywa kati ya barua pepe, picha na hifadhi ya mtandaoni, na tangu 2024 nakala za WhatsApp nazo zinahesabiwa humo. Akaunti ikijaa, nakala hazipandi, na mwenye simu anaendelea kuamini kwamba mambo yake yako salama. Kama tarehe ni ya miezi iliyopita, tengeneza nafasi kwenye akaunti kwanza, uhifadhi nakala mpya, ndipo uendelee.

Kisha bado ndani ya WhatsApp, nenda kwenye hifadhi na data, ufungue sehemu ya kudhibiti hifadhi. Juu kabisa utaona faili zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Anza na hizo zilizosambazwa. Sijaona mtu aliyezililia. Ukimaliza, shuka kwenye orodha ya makundi, kundi zito likiwa la kwanza, ufute video na kuziacha jumbe. Picha za kazi za wanafunzi unazozihitaji zihamishie kwenye kompyuta ya shule au flashi kabla ya kufika huko. Mwisho, zima upakuaji wa moja kwa moja wa video unapotumia data ya simu, ili kundi lisikujazie tena simu usiku ukiwa umelala.

Picha ulizofuta kwenye Google Photos nazo hazijatoka siku hiyo hiyo. Hukaa kwenye tupio siku 60 kama zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni, siku 30 kama hazikuwa. Mtu anafuta picha mia mbili, anaangalia nafasi, haoni mabadiliko, anasema simu imerogwa. Mwaga tupio.

Hayo yanakutosha wewe. Lakini kuna jambo ulilolitaja kwa kupita, yule kijana wa steji, ambalo ndilo linalonifanya niandike kwa urefu hivi.

Ukifungua ukurasa wa hifadhi wa programu yoyote kwenye Android utaona vitufe viwili bega kwa bega. Kimoja ni "Futa akiba". Cha pili, kutegemea simu, ni "Futa hifadhi" au "Futa data". Cha kwanza kinakupotezea bando kidogo. Cha pili kinairudisha programu ilivyokuwa siku ulipoipakua: akaunti inatoka, mipangilio inapotea, maandishi yaliyokuwa ndani ya simu pekee yanakwenda, na video za TikTok ulizohariri bila kuzichapisha nazo zinakwenda. Kwa mtazamaji asiyejua, cha pili ndicho kizuri, kwa sababu ndicho kinachoachia GB nyingi. Na wale wa shilingi 200 hukibonyeza hicho.

Mwaka jana alinijia mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga Kibuye. Kijana mwenye mwavuli na kiti kimoja alikuwa amemsafishia simu asubuhi hiyo, akianzia programu ya juu hadi ya mwisho, futa data, futa data, futa data. Simu ilikuwa nyepesi kweli. Ilikuwa pia haina daftari la madeni. Mama huyo alikuwa akiandika kila deni kwenye programu ya maandishi iliyokuja na simu, ambayo haikuwa imeunganishwa na akaunti yoyote: jina, samaki wangapi, amelipa nusu. Tangu Januari. Aliketi kwenye benchi langu akijaribu kukumbuka, akihesabu kwa vidole na kuyataja majina kwa sauti ya chini, akafika kumi na moja, akarudia, akafika tena kumi na moja. Alijua wako zaidi ya thelathini. Akaniuliza kama nitaweza kuyarudisha.

Sikuweza, na hakuna ambaye angeweza. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 kuendelea husimba, yaani hugeuza kuwa fumbo, kila kinachoandikwa ndani yake, na hifadhi yenyewe husafisha zile sehemu zilizoachwa wazi. Mtu anayekuambia kwamba kwa shilingi 1,500 atakurudishia ulichofuta kwa kitufe kile, ilhali hukuwa na nakala popote, anakula pesa yako mara ya pili.

Wengine hawapiti hata programu moja moja. Wanazima simu, wanabana vitufe vya pembeni na kuirudisha kiwandani kwa dakika tano. Simu ikiwaka inadai akaunti ya Google iliyokuwamo; ulinzi huo dhidi ya wezi upo tangu Android 5.1. Mwenye simu hakumbuki nenosiri kwa sababu alifunguliwa akaunti dukani siku aliyonunua, na sasa anatozwa tena ili "afunguliwe". Nimewapokea wengi wa namna hiyo, na baadhi walikuwa wamelipa kuliko thamani ya simu.

Kuhusu programu za kusafisha, zile za mshale unaozunguka na asilimia zinazopanda: tangu Android 6 ya mwaka 2015, programu ya kawaida uliyoipakua hairuhusiwi kujifutia tu akiba ya programu nyingine bila idhini yako. Kile kisafishaji kilichowekwa na kiwanda kwenye Tecno au Infinix ni sehemu ya simu, hicho hakinisumbui. Lakini hiki ulichoshauriwa kupakua mara nyingi hufuata moja ya njia mbili. Ama kinakuonyesha mchezo wa kuigiza na matangazo, huku chenyewe kikijaza nafasi kwa akiba yake; ama kinakuomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasioona au wenye shida ya mikono, ili kibonyeze vitufe kwa niaba yako. Fikiria ulichokubali. Programu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye skrini na kugusa kama wewe. Wezi wa pesa za simu wametumia mlango huo huo kwa miaka, na kwenye simu hiyo hiyo ndiko unakofungulia M-Pesa na benki yako. Hakuna GB moja yenye thamani ya kumpa mgeni macho na vidole vyako.

Hata ile ahadi ya "kuongeza kasi" ni ya uongo. Inachofanya ni kuzima programu zilizo nyuma ya skrini. Android inaziwasha tena baada ya muda mfupi, na betri ndiyo inayolipa. Kama simu yako iko polepole, ni kwa sababu hifadhi imejaa pomoni na haipati pa kupangia faili mpya. Ukishusha WhatsApp jinsi nilivyokueleza na kubakiza GB tatu au nne wazi, utauona mwendo wake ukirudi.

Kama bado unataka mkono wa fundi, tafuta mwenye duka unaloweza kurudi kesho ukamkuta. Keti naye. Akifika kwenye ukurasa wenye vitufe viwili, mwulize anabonyeza kipi na kwa nini, na asipoweza kukueleza kwa Kiswahili cha kawaida, mzuie. Fundi akikwambia umwachie simu pamoja na PIN urudi jioni, kwa kazi ya kufuta video za WhatsApp tu, ichukue simu yako uondoke. Kazi hiyo hufanywa mbele yako, wewe ukiwa umeishika simu mkononi na yeye akielekeza.